Gari Lililomeza Mtamba

Wepukhulu alijua macho yake yanamwacha siku ile alipoishika nati kiganjani na asiione. Alikuwa ameinama juu ya injini ya gari la mteja, katika gereji moja ya Kitale alikofanya kazi tangu arudi kutoka vita vya Burma. Nati aliisikia kwa vidole, baridi, pembe zake zote zimetimia. Lakini alipoitazama aliona ukungu tu, kama ule unaoshuka kutoka Mlima Elgon asubuhi za Julai. Akapangusa macho kwa mkono wa shati. Ukungu haukuondoka. Akaifunga nati kwa kupapasa, akanyamaza.

Alinyamaza kwa miezi mingi. Fundi asiyeona, nani atampa gari lake? Akajifunza hila. Spana alizipanga kwa ukubwa, kila moja mahali pake, asije akazitafuta. Jicho la kushoto lilipokufa kabisa, alijifanya analikonyeza kwa sababu ya moshi. Injini alizisikiliza, na kwa kweli masikio yake yalikuwa makali kuliko macho ya wengi. Lakini siku moja alisahau spana ndogo ndani ya injini ya trekta, akaifunga, trekta ikapelekwa shambani, na huko ikajitafuna matumbo.

Mwenye gereji alikuwa mzee asiyependa makelele. Hakumtukana. Alimwita pembeni akamwambia, "Wepukhulu, umefanya kazi sana. Sasa pumzika."

Neno "pumzika", ukilisikiliza vizuri, lina "zika" ndani yake. Wepukhulu alilisikia hivyo. Akauliza, "Naweza kuondoka na kitu kimoja?"

"Kitu gani?"

"Lile gari lililo kwenye banda la nyuma."

Mzee akacheka. "Kuku wanataga ndani yake. Chukua, na kuku pia ukitaka."

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la watu wawili, pua ndefu, magurudumu ya spoku, rangi nyekundu iliyobaki mahali mahali kama ukurutu. Lilikuwa la mzungu mmoja aliyekwenda vitani asirudi. Zamani, Wepukhulu akiwa kijana wa kuosha magari, aliliona likipita Kitale na vumbi likisimama nyuma yake kama ukuta, na tangu hapo hakuona chombo kingine kilichomshika moyo hivyo. Sasa lilikuwa limekaa bandani zaidi ya miaka kumi. Giaboksi ilikuwa imevunjika meno. Rejeta ilikuwa imeoza. Panya walikuwa wamekula viti.

Lakini si mapenzi tu yaliyomfanya aliombe. Kulikuwa na mzungu kijana, Bwana Tarrant, mwenye shamba upande wa Endebess, ambaye kila akija gereji alikwenda bandani kulitazama gari lile, akilipapasa pua kama farasi. Siku moja alisema mbele ya watu wote, kwa Kiswahili chake cha mashambani, "Wewe Wepukhulu! Siku wewe natengeneza hii gari, nalia kama zamani, mimi napa wewe lori yangu. Kweli kabisa. Lori kwa gari."

Lori! Wepukhulu alilala na neno hilo, akaamka nalo. Nyumbani kwao, upande wa Bungoma, mahindi yalikuwa yanaoza ghalani kwa kukosa wa kuyafikisha stesheni. Mwenye lori hahitaji macho. Anahitaji dereva, na madereva waliorudi kutoka vitani walikuwa wengi kuliko malori. Macho yakizima kabla hajalipata, basi. Atakuwa mtu wa kuongozwa na fimbo, akila kwa huruma ya ndugu.

Rafiki yake Kibiwott, waliyekuwa naye jeshini na ambaye sasa aliendesha trekta Endebess, alimsaidia kupata maksai. Wakaliburuta gari kutoka Kitale, wakapita Kiminini na Kamukuywa, watoto wakikimbia pembeni na wazee wakisimama kuuliza ni mzoga wa nini.

Mkewe, Nanyama, alikuwa anapura maharagwe uani maksai walipoingia. Akaacha ufito, akaitazama ile takataka nyekundu, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Wilkista, umeacha kazi?"

"Nimeacha."

"Ukatuletea hili."

"Hili litatupa lori."

Akamweleza ahadi ya Tarrant. Nanyama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mwanamke wa kelele. Alikuwa mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa, kama anayeonja mchuzi.

"Na kama halitapona?" aliuliza.

"Litapona."

"Nimeuliza kama halitapona."

Wepukhulu alimpa mgongo. Alianza kuwafungua maksai, na Nanyama akaona jinsi mkono wake ulivyokuwa ukitafuta fundo la kamba, ukipita juu yake, ukirudi, ukipita tena. Akaokota ufito wake, akaendelea kupura.

Mvua zikaja, zikaenda. Wepukhulu alijenga kibanda cha majani ya migomba na mabati mabovu, akalivua gari nguo zote. Kila chuma alikisugua kwa mafuta ya taa na mchanga. Majirani walipita wakasema, "Huyu bana amerogwa," na hata kaka yake mkubwa alikuja kumwambia auze vyuma kwa mhunzi apate majembe. Lakini kulipokucha alikuwa bandani, na usiku ulipoingia alitolewa bandani. Shamba lao halikupaliliwa kwa wakati. Mwaka ule walivuna kidogo, na kidogo chenyewe kilikuwa na funza.

Siku moja Nanyama alimletea uji. Mumewe alikuwa anatengeneza kabureta, sehemu ndogo ndogo zimepangwa juu ya gunia. Nanyama akaweka kibuyu cha uji chini na, bila neno, akachukua spana iliyokuwa upande wa kulia wa mumewe akaihamishia kushoto. Kisha akasimama kimya.

Wepukhulu akanyoosha mkono kulia. Akapapasa gunia. Akapapasa tena, kwa haraka, kama mtu anayezima moto. Akapiga magoti, uso karibu uguse chini, na spana ilikuwa pale pale wazi, hatua moja tu kutoka puani mwake.

"Tangu lini?" Nanyama akauliza.

Alishtuka, hakujua kama mkewe yuko. Alitaka kukasirika. Badala yake alikaa chini kando ya gunia.

"La kushoto limekwisha," alisema. "La kulia linakwenda."

Kesho yake Nanyama alimshika mkono, wakatembea hadi hospitali ya misheni Lugulu. Daktari alimmulika kwa kurunzi ndogo, akamkandamiza macho kwa vidole taratibu, akakaa chini kabla ya kusema. Alisema ugonjwa huu hauna maumivu makubwa, ndiyo maana watu huja wamechelewa. Kilichokufa ndani ya jicho hakifufuki. Alimpa dawa ya matone ya kuchelewesha. "Kuchelewesha," alirudia, ili wasije wakasikia neno jingine.

Walirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Nanyama aliuliza, "Gari limebakiza nini?"

"Giaboksi. Na rejeta. Zake hazipatikani popote, zilikuwa zinatoka Ulaya kwa meli, na kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Lakini Wanjala wa Kimilili ana lori dogo lililokufa. Anaweza kunipa vya kwake."

"Anataka nini?"

Wepukhulu alisimama. "Anataka mtamba."

Mtamba alikuwa wa Nanyama. Alipewa na baba yake mzazi, akiwa ndama, mwaka ule Nanyama alipomzika mtoto wake wa kiume. Baba alimleta mwenyewe kwa kamba, akasema, huyu atakupa maziwa na utakuwa na kitu cha kuamkia asubuhi. Sasa mtamba huyo alikuwa na mimba ya kwanza. Ndani ya mtamba yule mlikuwa na maziwa ya nyumba nzima.

"Mimi sitakuambia umtoe," Wepukhulu alisema. "Nikikuambia, na mambo yakiharibika, sitaweza kuishi na wewe."

"Kwa hiyo unataka niamue mimi, ili yakiharibika uweze kuishi na mimi?"

Nanyama alikaa juu ya kichuguu kando ya njia, akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Alikaa sana. Kuacha sasa kulimaanisha mwaka mzima uliopotea bandani, na mume kipofu, na mzoga uani. Kuendelea kulimaanisha kutoa kilichobaki. Ukiwa umeshavuka nusu ya mto, maji ya mbele na ya nyuma ni yale yale.

"Mpeleke," alisema. Kisha akainuka akatangulia mbele, haraka, asimsikie akimshukuru.

Kuanzia hapo walifanya kazi wawili. Kila asubuhi baada ya kuchota maji Nanyama aliketi karibu na injini na kusema, "Niambie natazama nini." Naye alimwambia. Alijifunza kupima nafasi ya pointi za cheche kwa kijibati chembamba, alijifunza waya upi unaanza wapi. Giaboksi ya lori ilikataa kukaa mahali pa ile ya zamani, ilikuwa kubwa mno. Ikabidi wakate mhimili wa chasi, wainue injini, wamwite mhunzi aunge vyuma vipya. Rejeta ya lori nayo ilisimama juu kuliko bonet, hivyo bonet ikakatwa na kuongezewa kipande cha bati, ikawa na nundu. Kila kipande kilipokatwa Wepukhulu alikisikia kwenye meno. Lakini alijiambia kuwa mtu aliyekatwa mguu na kuwekewa wa mti bado ni mtu yule yule.

Siku Kibiwott alipokuja kuzungusha hendeli, gari lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena. Kisha likanguruma. Kuku walitawanyika. Wilkista, binti yao, alikimbilia nyuma ya nyumba. Wepukhulu alisimama ameinua uso juu, machozi yakimtiririka kutoka katika jicho linaloona na lisiloona.

"Ndilo lenyewe!" alipiga kelele. "Mama Wilkista, unasikia? Ndilo lenyewe!"

Nanyama alicheka. Ilikuwa zamani sana hajacheka.

Walikwenda Kitale wanaume wawili, Kibiwott akiendesha, Wepukhulu pembeni, koti lake la jeshi limepigwa pasi. Walimkuta Bwana Tarrant stesheni, akisimamia vibarua wanaoshusha mahindi. Lori lake lilikuwa pale pale. Wepukhulu hakuweza kuona zaidi ya kivuli kikubwa cha kijani, lakini aliinusa harufu yake ya mafuta na magunia.

Tarrant alisikia mngurumo kabla ya kuona gari. Akaja mbio, kweli, kama mtoto, akipiga kelele ya furaha kwa Kiingereza. Kisha hatua zake zikapungua. Kisha zikasimama.

Wepukhulu alisikia viatu vikizunguka gari, pole pole. Akasikia bonet ikifunguliwa. Akasikia mtu akishusha pumzi.

"Rejeta hii, wewe natoa wapi?"

"Ya lori, Bwana. Ya zamani ilikufa."

"Na giaboksi?"

"Ya lori. Lakini inavuta sana, Bwana. Sasa inaweza kupanda mlima wowote."

"Chasi wewe nakata?"

"Kidogo, Bwana."

Tarrant aliifunga bonet kwa upole. Aliposema, sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Wepukhulu zaidi baadaye. Mtu akikukasirikia unaweza kumkasirikia na wewe.

"Wepukhulu, pole. Pole sana. Mimi nataka ile gari. Hii si ile gari. Hii, lori nameza gari." Akatafuta maneno. "Wewe nafanya kazi kubwa. Lakini ile gari nakufa, basi. Bora wewe naacha kwa banda kama zamani."

"Bwana ulisema likilia kama zamani," Wepukhulu alisema. "Sikiliza. Linalia kama zamani."

"Ndiyo. Nalia."

"Ulisema mbele ya watu."

"Pole," Tarrant akasema tena, akarudi kwenye mahindi yake.

Kibiwott alitaka kumfuata, wabishane. Wepukhulu alimshika mkono. Angemshtaki kwa nani? Neno la mzungu lilikuwa kama mvua. Likinyesha unashukuru, lisiponyesha huna pa kwenda.

Wakashika njia ya kurudi. Walipokaribia mteremko wa mto Kamukuywa, Wepukhulu alisema, "Simama hapa."

Kibiwott akasimamisha gari.

"Shuka. Nataka kulitumbukiza mtoni."

"Tushuke wote basi, tusukume."

"Shuka wewe. Mimi nitashika usukani, liende moja kwa moja."

Kibiwott alimtazama. Walikuwa wameonana katika siku mbaya huko Burma, na uso ule aliujua. Aliwahi kuuona kwa vijana wengine, na baadhi yao hakuwaona tena. Akazima injini. Akashuka, akazunguka mbele ya gari, akapanda na kukaa juu ya ile nundu ya bonet, mgongo kwenye kioo, miguu ikining'inia.

"Unafanya nini?"

"Nimekaa. Ukienda, tunaenda wote."

"Kibiwott, toka!"

"Mimi siogelei, bana. Unajua."

Wepukhulu alipiga usukani kwa ngumi, akapiga, akapiga, mpaka ngozi ikachubuka. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama msiba umetangazwa. Wanawake waliokuwa wanafua mtoni waliinuka kutazama. "Nitamwambia nini Nanyama?" alikuwa anasema. "Nimekula mtamba wake. Nimekula mtamba na ndama tumboni. Nitaingiaje pale?"

"Utaingia kwa mlango," Kibiwott alisema. "Mimi nitakuwa nyuma yako."

Nanyama alisikia gari likirudi na akajua. Mtu aliyepata lori harudi na gari. Hakutoka nje. Alibaki jikoni akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, na mumewe alipoingia akipapasa mwimo wa mlango, akamweleza yote, hata ya mtoni, hakumkatiza.

Usiku ule walilala migongo ikitazamana. Asubuhi mumewe alipoamka, upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi. Alifuata ukuta hadi nje, akafuata ua hadi bandani.

"Linatembea?" sauti ya Nanyama ilitoka upande wa nyuma wa gari.

"Unajua linatembea."

"Jana Kibiwott aliniambia giaboksi ya lori inaweza kuvuta mzigo. Ni kweli?"

"Ni kweli, lakini halina pa kuwekea mzigo."

"Pa kuwekea hutengenezwa. Hapa nyuma pakikatwa, tukaweka mbao, magunia yatakaa. Si mengi. Machache. Lakini yatakaa."

Alielewa, na damu ikampanda kichwani. "Hapana! Hutalikata. Limeshakatwa mbele, sasa nyuma? Itabaki nini? Nanyama, huo mkia wake ndio uzuri wenyewe."

"Uzuri unaouona wewe?"

Neno lilimtoka kabla hajalionja.

Wepukhulu alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Aliposema, sauti yake ilikuwa imechoka. "Silioni. Jana asubuhi nilikuwa bado naona wekundu. Leo hata wekundu hakuna. Lakini nililiona nikiwa kijana, zima, likikimbia. Ndiyo picha niliyobaki nayo. Ukilikata, nikiligusa nitagusa kitu kingine, na ile picha itakufa."

"Na mimi," Nanyama akauliza, "picha yangu unayo?"

"Ninayo."

"Nikizeeka, ukinigusa ukakuta makunyanzi, itakufa?"



Nanyama alikuja akachuchumaa mbele yake. Hakulia, machozi yake aliyamaliza kwenye kichuguu siku ile. "Baba Wilkista, sisemi ulikosea. Mtamba nilimtoa mimi kwa mdomo wangu. Lakini ghalani pamebaki debe moja na nusu, na macho yako hayarudi, na mzungu hatarudi. Kibiwott amesema atanifundisha kuendesha. Watu watacheka. Mwanamke, na gari lenye nundu. Wacha wacheke. Nikishindwa, tutalisukuma mtoni sisi wawili, na nitakuwa wa kwanza kusukuma. Lakini nijaribu kwanza."

Nje, mvua ya asubuhi ilianza kudondoka juu ya mabati. Wepukhulu alikaa akiisikiliza muda mrefu sana, hata mkewe akadhani amekataa. Kisha akajivuta kwa mikono, akainuka, akaenda kwenye gunia la vifaa. Alipapasa mpaka akapata msumeno wa chuma. Akatafuta nyuma ya gari kwa kiganja, akafuata mstari wa mkia kutoka kwenye bawaba ya mlango hadi mwisho wake mwembamba, mara moja, pole pole, akafuata tena.

Akaushika mkono wa Nanyama akauweka juu ya bati, shibiri moja nyuma ya viti.

"Hapa," alisema. "Usipite mbele ya hapa, utakata mhimili. Nenda taratibu, usiukaze mkono. Bati jembamba linauma msumeno."

Nanyama alianza kukata. Ilikuwa sauti mbaya, ya kukwaruza, na Wepukhulu aligeuza uso pembeni. Lakini aliukumbatia mkia ule kwa mikono yote miwili, kifua kikiwa juu ya bati, akaukaza usitikisike, ili mkewe akate vizuri.